Laptopu Isiyowaka: Usikimbilie Bisibisi

Mteja akikuambia "fundi, laptopu haiwaki", bado hajakuambia kitu. Huyu feni inazunguka na taa ya kitufe inawaka, ila kioo ni cheusi. Yule inawaka sekunde mbili kisha inazima. Wa tatu imekufa kabisa, hata ukichomeka chaja taa haionekani. Hayo ni magonjwa matatu, na wewe mgeni wa kazi utayatibu yote kwa kufungua mfuniko. Nakujua, maana nami nilianza hivyohivyo.

Ya kioo cheusi niipitie haraka, ya sekunde mbili tuiache siku nyingine. Chomoa ramu (kumbukumbu ya muda ya laptopu), safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha, jaribu tundu moja kwanza. Ikikataa, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umekiinamia. Ukiona picha hafifu, laptopu inafanya kazi. Taa ya kioo ndiyo iliyozimika.

Iliyokufa kabisa ndiyo inayotutofautisha mafundi. Anza na maswali. Ilizimikaje? Umeme ulikatika ukarudi? Imeshapita kwa fundi mwingine? Kuna kilichomwagika? Hili la mwisho usitegemee jibu, karibu kila mtu atakana. Inusa. Chai ya maziwa iliyokaukia chini ya kibodi ina harufu ambayo hakuna mteja anayeweza kuificha.

Kisha pima chaja. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye 200 ya DC, si kwenye 20, kwa sababu chaja nyingine zinatoa volti 20 kamili na kipimo kitakuandikia 1 ukadhani ni mbovu. Nyingi utazikuta kwenye 19 au 19.5. Lakini chaja inaweza kukuonyesha 19 ikiwa mkononi, halafu ikaanguka ikibebeshwa mzigo, kwa hiyo jaribu pia na nyingine unayoiamini. Za USB-C usizipime kwa mtindo huo: zinabaki kwenye sifuri au volti 5 mpaka zikubaliane na laptopu ndipo zipande. Usimwambie mtu chaja yake imekufa kwa sababu uliona sifuri au 5.

Sasa angalia jambo ambalo halihitaji hata bisibisi. Kama chaja ina taa, ichomeke ukutani iwake, halafu ichomeke kwenye laptopu. Taa ikizima papo hapo na kurudi ukiichomoa, kuna shoti kwenye njia kuu ya umeme, na chaja inajilinda. Ikibaki inawaka na laptopu haijibu, chomoa chaja na betri (kama inatoka kwa nje), shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30 hivi, rudisha chaja peke yake, jaribu. Nimerudishia watu laptopu zao kwa hilo tu, na nililipwa nikiona aibu kidogo.

Turudi kwenye shoti. Mwaka wangu wa kwanza Kariakoo nilimshauri mwanafunzi mmoja anunue mazabodi (bodi kuu) nzima kwa sababu ya shoti kama hiyo. Ile mbovu ikabaki kwangu. Miezi kadhaa baadaye, nilipojifunza kupima, niliitoa kabatini na kukuta kapasita moja (kipande kinachotunza umeme kidogo), ndogo kama punje ya mchele, ndiyo iliyokufa. Niliitoa, bodi ikawaka. Yule kijana alishamaliza chuo.

Kwa hiyo ukishafungua, chomoa betri kwanza. Weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), waya mweusi kwenye tundu la skrubu ya mazabodi, mwekundu kwenye njia ya umeme baada ya mosfeti (swichi ndogo za umeme) za mlangoni, pale chaja inapoingizia umeme. Ikisoma maelfu ya omu, njia ni safi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mwizi, yaani kipande kinachovujisha umeme. Tahadhari moja inayowapoteza wengi: koili (nyaya zilizoviringwa) zilizo kando ya prosesa husoma omu chache, au hata chini ya moja, zikiwa nzima kabisa. Ndivyo zilivyo. Usianze kung'oa vitu hapo.

Kumtafuta mwizi, ingiza umeme mdogo kwenye njia hiyo kutoka kwenye pawa saplai ya mezani (kifaa cha kutoa volti unayoichagua). Anza na volti 1, na usivuke volti ya kawaida ya njia yenyewe. Paka spiriti safi juu ya kapasita. Itakapokauka upesi kuliko pengine, hapo ndipo joto linapotoka. Kuna wanaotumia kidole. Kinafaa, ila utapata malengelenge.

Itoe, pima tena omu kabla ya kuwasha. Zikipanda, bodi nyingi zitafanya kazi hata bila hiyo kapasita, kwa kuwa zinapangwa kadhaa kwa pamoja. Mimi narudishia nyingine, ya volti 25 au zaidi kwenye njia ya 19. Bodi zilizokufa usitupe, ndizo duka lako la spea.

Na mteja atauliza kwa nini umtoze hela zote hizo kwa kitu kisichoonekana. Kibandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya risiti yake.