Krapi Wamekwenda Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Uvuvi

Safu ya mwezi huu ni ya wasomaji wetu walioko Marekani. Barua nyingi zilizofika zinamhusu samaki mmoja, krapi. Kwa asiyemjua, ni samaki wa maziwa na mabwawa, bapa kama sahani iliyosimamishwa, rangi ya fedha yenye madoa meusi, nyama nyeupe laini. Wengi wanaovuliwa wana inchi 9 hadi 12. Barua tumezifupisha.

SWALI: Mwezi wa nne tulisimama ukingoni pale Kentucky Lake tukajaza ndoo. Sasa ni mwezi wa sita, mahali palepale, chambo kilekile, hatupati hata mmoja. Je, wameisha? (Msomaji, Bowling Green, Kentucky)

Hawajaisha, wamehama, tena si mbali. Mwezi wa nne mliwakuta wamekuja kutaga. Maji yakifika nyuzi 60 hadi 68 za Fahrenheit (kama 16 hadi 20 za Selsiasi), dume hutangulia ukingoni, akasafisha kiota kwenye changarawe au udongo mgumu, mara nyingi kando ya kisiki au mizizi, kwenye kina cha futi 2 hadi 8. Maji yakiwa meupe sana hushuka zaidi ya hapo. Sato jike hubeba mayai mdomoni, lakini kwa krapi mlinzi ni baba: jike hutaga akaondoka, dume akabaki amekuwa mweusi kichwani na kifuani, akigombana na kila kinachopita. Ndiyo maana msimu huo hata mgeni hujaza ndoo. Watoto wakishatawanyika, naye huondoka.

Anarudi kwa njia aliyojia. Kwenye bwawa, njia hiyo ni mkondo wa zamani wa mto au kijito uliofunikwa na maji bwawa lilipojazwa. Tafuta ramani inayoonyesha kina cha maji ya ziwa, uweke kidole pale ulipovua mwezi wa nne, kisha ufuate mteremko hadi ukingo wa mkondo huo. Kila kisiki, rundo la matawi au nguzo iliyo kwenye mstari huo ni kituo. Mwezi wa sita anza na vituo vya futi 10 hadi 18.

Joto likizidi, kuna jambo linalowapotosha wengi: wanadhani kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokaribia samaki. Kwenye maziwa yaliyotulia maji hujigawa wakati wa kiangazi, ya moto juu, ya baridi chini, na kati yake tabaka jembamba ambalo kwenye skrini ya sona (chombo kinachotazama chini ya maji kwa mawimbi ya sauti) huonekana kama mstari wa ukungu. Chini ya tabaka hilo mara nyingi oksijeni huwa kidogo mno. Ukilikuta kwenye futi 18, rundo la matawi lililoko futi 25 ni tupu hata liwe zuri namna gani. Kentucky Lake yenyewe ina mkondo unaoyachanganya maji, kwa hiyo haijigawi vizuri, lakini ukienda kwenye vibwawa vya jirani kumbuka hilo.

Mwezi wa tisa na wa kumi maji yakipoa, shadi huingia kwenye vijito. Shadi ni visamaki vya fedha vya jamii moja na dagaa wa Kigoma, na krapi huwafuata nyuma. Baridi ikikaza wote hurudi kwenye kina, futi 15 hadi 30, wakawa wazito wa kusogea.

Jambo la mwisho, la ziwa lenu. Maji ya Kentucky Lake hupandishwa hadi futi 359 juu ya usawa wa bahari kwa majira ya joto na kushushwa hadi 354 kwa majira ya baridi. Futi 5 si kidogo ukingoni. Tembeeni huko mwezi wa kwanza mkiwa na simu ya kupigia picha: kisiki kilichosimama pakavu leo ndicho kitakachokuwa na futi 3 za maji mwezi wa tano.

SWALI: Shikamooni wazee wa safu. Wanadonoa, boya linacheza, nikivuta ndoano inarudi tupu. Ninaowapata, nusu wanachomoka wakiwa karibu kabisa na mkono. Nakosea wapi? (Kijana wa Columbus, Ohio)

Marahaba. Hayo ni makosa mawili tofauti.

La kwanza ni kina. Macho ya krapi yako upande wa juu wa kichwa na mdomo wake umeelekea juu. Hula kinachopita juu yake, kilicho chini yake hana habari nacho. Kama samaki wako futi 8, chambo kikae futi 6 au 7. Na kwa kuwa hukifuata kwa kupanda, mara nyingi boya halizami. Hulala ubavu, kwa sababu uzito umeinuliwa. Wewe unasubiri lizame, naye amekwisha kukitema. Likilala tu, inua.

Inua, usikwanyue. Ngozi ya midomo yake ni nyembamba mno, ukivuta kwa nguvu inachanika na ndoano inabaki kwenye tundu kubwa. Nyanyua ufito kwa kiganja, anza kuzungusha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) papo hapo, mshipi usilegee hata kidogo. Breki ya rili iwe laini kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa vidole viwili unatoka. Akifika karibu, usimnyanyue hewani kwa mshipi. Mpokee kwa wavu wa mkono, ukiutanguliza majini.

Ndoano iwe ya waya mwembamba, namba 4 au 2. Wengi huogopa waya mwembamba, lakini faida yake utaiona ikinasa kwenye matawi: vuta polepole, itanyooka na kutoka, uikunje tena kwa koleo. Ukiishaikunja mara mbili au tatu, itupe. Mshipi wa pauni 6 unatosha mahali pa wazi, kwenye matawi mazito tumia wa pauni 8 au 10.

SWALI: Sina mashua wala sina mpango wa kununua. Nivue wapi baada ya msimu wa kutaga? Na ni chambo gani bora, visamaki hai au jigi? (Msomaji, Knoxville, Tennessee)

Magati, madaraja na mawe yaliyopangwa kando ya barabara inayokatisha ziwa. Daraja hupita juu ya mkondo wa zamani, kwa hiyo linakupeleka kwenye kina bila mashua. Usiku wa kiangazi, taa inayomulika maji huvuta wadudu, wadudu huvuta visamaki, na krapi husimama pembeni, mwanga unapoishia. Tupa pale giza linapoanza.

Mchana wa jua kali samaki huwa chini kabisa ya gati, kwenye kivuli ambacho urushaji wa kawaida haufiki. Hapo chambo hufyatuliwa. Chukua ufito mfupi wa futi 5 hadi 6, mshipi wa pauni 6 wenye rangi unaouona vizuri, na jigi ya aunsi 1/32 au 1/16, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi iliyovikwa mkia wa plastiki laini. Shusha mshipi hadi jigi ifike usawa wa rili. Ishike kichwa cha risasi kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ya ndoano ikitazama nje, mbali na ngozi yako. Fungua rili, mshipi ushikwe na kidole cha mkono wa pili. Vuta jigi nyuma hadi ufito upinde, ncha yake ikielekea kwenye nafasi kati ya gati na maji, kisha achia jigi, na mara tu baada yake achia mshipi. Jigi itaruka usoni pa maji na kuingia kivulini. Ukiachia mshipi kwanza, jigi itaanguka miguuni pako. Ukichelewa kuuachia, itarudi kwa kasi kukuelekea, basi vaa miwani. Iache izame yenyewe ukitazama mshipi: ukiruka, ukisita au ukienda pembeni, inua. Gati la mtu binafsi, omba ruhusa kabla ya kulikanyaga.

Kuhusu chambo, maji yakiwa baridi na samaki wazito, kisamaki hai hushinda. Maji yakiwa ya vuguvugu jigi ni haraka na nafuu. Maji ya tope yanataka rangi ya kijani-njano inayong'aa au nyeusi, maji meupe yanataka nyeupe au ya kijivu. Lakini mtu anayebadili rangi mara sita bila kubadili kina anapoteza jioni yake.

Kwa kisamaki hai, tumia boya linaloteleza. Kwenye mshipi ingiza kwanza kifundo cha uzi cha kuzuia, kisha ushanga, kisha boya, halafu ufunge ndoano namba 4. Bana chubwi dogo inchi 12 juu ya ndoano. Kifundo hupita kwenye pete za ufito bila kukwama, nawe unarusha kama kawaida hata ukitaka kina cha futi 15. Kwanza bana chubwi zito kwenye ndoano, lishushe hadi chini, ujue kina halisi. Pakiwa na futi 12 na vilele vya matawi viko futi 8 chini ya uso wa maji, weka kifundo kwenye futi 7.

SWALI: Majira ya baridi hapa ziwa lote ni barafu. Wenyeji wanatoboa na kuvua krapi. Nataka kujaribu lakini naogopa. (Dada wa St. Cloud, Minnesota)

Kuogopa ni sawa, dada. Barafu mpya iliyo safi iwe na unene wa inchi 4 ndipo mtu atembee juu yake, nayo barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ina nguvu kama nusu tu ya hiyo. Nenda na mwenzako, piga mbele yako kwa mtaimbo kila hatua chache, vaa jaketi la kuokolea, na ukae mbali na mahali mto unapoingia au kutoka.

Katikati ya majira ya baridi krapi huwa kwenye shimo la ziwa, futi 25 hadi 35, wakielea juu ya sakafu badala ya kulala juu yake. Toboa matundu kadhaa kwa keekee kabla ya kuanza, ili usiwashtue baadaye. Jigi ndogo ya tangsteni (metali nzito) ya milimita 3 hadi 5 yenye buu mmoja au wawili, mshipi wa pauni 2 hadi 4. Kama huna sona, pima kina kwa chubwi, anza futi 2 juu ya sakafu, na kila dakika 5 panda futi 2. Minnesota inaruhusu mishipi miwili wakati wa barafu, basi weka kila mmoja kwenye kina chake. Wakati mzuri ni kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi giza linapoingia.

Samaki aliyetolewa zaidi ya futi 30 kibofu chake cha hewa huvimba, na hata ukimrudisha wengi hufa. Kikomo cha kawaida cha jimbo ni krapi 10 kwa siku, na baadhi ya maziwa yana kikomo cha chini zaidi. Ukitimiza, acha kuvua, usiendelee kwa ajili ya burudani. Maji ya ndoo ya chambo yamwagwe kabla hujaondoka ziwani, ndivyo sheria inavyotaka. Ukitaka kubaki na visamaki, wape maji ya bomba yaliyotolewa klorini kwa matone yanayouzwa madukani, la sivyo asubuhi utawakuta wamekufa.

SWALI: Naweza kuzamisha matawi ili nijitengenezee mahali pangu? (Msomaji, Des Moines, Iowa)

Kwa idhini ya mamlaka ya ziwa, ndiyo. Mengine yanakataza kabisa. Mti mbichi wa jamii ya mwerezi hudumu kuliko ule wa Krismasi, ambao sindano zake hupukutika mapema. Simamisha shina ndani ya ndoo ya zege ili mti ukae wima, na uuweke kwenye mteremko karibu na kina kirefu, si katikati ya uwanda mtupu. Matawi yakisongamana mno, punguza: krapi anataka nafasi ya kuingia, nawe unataka nafasi ya kupitisha chambo. Kilele kiwe chini ya kina ambacho mashua hupita.

SWALI: Rafiki yangu aliambiwa kwenye ziwa la Lake Fork kwamba hata krapi wadogo asiwarudishe majini. Sheria gani hiyo? (Msomaji, Dallas, Texas)

Ni kweli. Kwa kawaida Texas inataka krapi awe na inchi 10 au zaidi, na mtu asizidishe 25 kwa siku. Lakini Lake Fork na Lake O' the Pines, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, urefu hauangaliwi na kila krapi aliyenaswa lazima achukuliwe. Sababu ni ileile ya kibofu: msimu huo wako kwenye kina, ukimrudisha mdogo anakwenda kufa bure. Kanuni hupitiwa kila mwaka, soma za mwaka huu. Na penye kikomo cha urefu usimkate kichwa wala mkia kabla ya kufika nyumbani.

SWALI: Krapi mweupe na krapi mweusi natofautishaje? (Msomaji, Memphis, Tennessee)

Rangi hudanganya, hasa dume wa msimu wa kutaga. Hesabu miiba migumu ya mbele ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8. Mweupe pia ana madoa yaliyopangika kwa mistari ya wima, ya mweusi yametapakaa ovyo. Mweupe huvumilia tope, mweusi hupenda maji meupe na magugu. Rekodi ya dunia ya mweupe ni pauni 5 na aunsi 3, Mississippi, 1957. Ya mweusi imetoka jimboni kwenu mwaka 2018, pauni 5 na aunsi 7. Kwenye hesabu ya kikomo cha siku, kwa kawaida wote wawili huhesabiwa pamoja.