Kisu cha mtihani: tatizo si chuma, ni mahali unene ulipo

SWALI: Fundi, salaam. Ninajiandaa kwa mtihani wa vitendo wa American Bladesmith Society, chama cha Marekani cha wafua visu, nitoke uanagenzi niingie ngazi ya kati. Nimefua kisu cha majaribio kwa feleji ya aina ya 5160. Ubapa una urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 4.5, mgongo una unene wa milimita 6.5 tangu mpinini hadi karibu na ncha, makali yalikuwa na unene wa milimita 1 kabla sijayanoa, na mpini ni wa duara. Kisu kinakata ubao bila shida, lakini kamba kinaisukuma tu, na mkono unateleza kila ninapokata kwa nguvu. Nibadilishe chuma, au nizidishe ugumu?

JIBU: Ndugu yangu, usibadilishe chuma, na ugumu usiuguse kwanza. Feleji ya 5160, yenye kaboni ya takriban asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, ndiyo inayotumika kutengenezea springi za magari, na uvumilivu wake unautosha mtihani huu. Vipimo vyako pia viko ndani ya kanuni, kwa kuwa ubapa hauruhusiwi kuzidi inchi 10, yaani sentimita 25.4, na upana usizidi inchi 2. Kosa ni kwamba unene umeuacha mahali usipohitajika.

Kumbuka kwamba kisu hicho hicho kimoja kinatakiwa kukata kamba ya inchi moja inayoning'inia, kwa pigo moja. Kukatakata ubao wa inchi mbili kwa nne mpaka uachane, mara mbili. Kunyoa nywele baada ya kazi hiyo bila kunolewa tena. Na mwisho kubanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Kila hatua inadai jambo lake, na aliyejenga kisu kwa kuuwazia ubao peke yake hufika kwenye kamba na shoka mkononi.

Kamba inayoning'inia haina kitu nyuma yake cha kuizuia isipokuwa uzito wake wenyewe. Makali yakishaingia, sehemu nene iliyo juu yake hukwama katikati ya nyuzi, na nguvu iliyobaki huishia kuisukuma kamba pembeni. Hicho ndicho unachokiona. Punguza unene wa makali kabla ya kunoa ufikie nusu milimita hivi, kisha nyuso za ubapa zipande kutoka hapo kwa mbinuko mdogo usio na kona, kwa sababu mbinuko huo ndio utakaoyapa makali nyama ya kuyashika yanapoingia kwenye mbao. Baada ya kunoa, ulaze ubapa juu ya fimbo ya shaba ya njano, uuinue kidogo, na uyakandamize makali huku ukiangalia mwanga unavyotembea juu yake. Makali mazuri hupinda pale yanapoigusa fimbo na kurudi yalipokuwa. Yakibaki yamepinda, ni laini mno. Yakimeguka, rudisha kisu kwenye moto mdogo. Usiende kwenye kamba kabla kipimo hiki hakijakuridhisha.

Kuhusu kupinda, wengi hudhani kwamba mgongo mnene ndio salama, na mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyo hadi kisu changu kilipokatika vipande viwili. Chuma kinapopindwa, uso wa nje huvutika, na kwa mpindo ule ule uso wa ubapa wa milimita 6 huvutika mara mbili ya ule wa milimita 3. Kwa hiyo anza na milimita 6 karibu na mpini, upunguze polepole na kwa usawa hadi karibu milimita 3 pale ncha inapoanza. Usipunguze kwa ghafla, maana mpindo wote utajikusanya hapo. Ukihofia kwamba kisu kitakuwa chepesi mno kwa ubao, bakiza upana wa sentimita 4.5 upande wa mbele, na uzito utakaouhitaji utabaki huko.

Kwenye tanuri nina machache ya kusema. Baada ya kufua, pasha moto na uache kisu kipoe hewani mara tatu, kila mara kwa joto la chini kidogo kuliko la awali, ili chembe za chuma ziwe ndogo. Sumaku huacha kushika karibu nyuzijoto 770, lakini 5160 hutaka kama 840 kabla ya kuzamishwa kwenye mafuta, hivyo usiitegemee sumaku peke yake. Fuatisha joto la nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili, halafu ulainishe mgongo kwa mwale wa gesi hadi ugeuke buluu, makali yakiwa ndani ya maji.

Mpini wa duara hauuambii mkono makali yameelekea wapi. Uchonge uwe na umbo la yai, upande mwembamba ukielekea makalini, na kitako chake kishuke kidogo ili kidole cha mwisho kipate pa kukamatia. Mabega ya msuka, yaani pale ubapa unapokutana na sehemu inayoingia mpinini, yasiwe na kona kali. Yazungushe kwa tupa ya mviringo. Msasa wa mwisho upite kwa urefu wa kisu, kwa kuwa mkwaruzo wa kukingama ni mwanzo wa ufa.

Haya yote ni ya kisu cha vitendo tu. Visu vitano vya hatua inayofuata, utakavyowapelekea majaji mjini Atlanta, Marekani, hupimwa kwa macho, kwa ulinganifu na usafi wa maungio, wala havihitaji kufanana na hiki.

Fua viwili vinavyolingana, na kimoja ukifikishe kwenye jiliwa nyumbani. Kikivunjika, uangalie uso wa mvunjiko kwenye jua: chembe zinazometameta kama sukari zinaonyesha kwamba joto lilizidi, ilhali uso wa kijivu, laini kama mahameli, unaonyesha kwamba moto ulikuwa sawa na kosa litafutwe kwenye umbo au kwenye mkwaruzo.