Nadharia ya muziki kwa kusikiliza: swali ni nani anakuuliza umesikia nini

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa. Mmeuliza: "Je, mtu anaweza kujifunza nadharia ya muziki kwa kusikiliza masomo ya sauti peke yake, bila kitabu wala nota?" Mi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa huku Mwanza na jibu langu la haraka ni hapana. Waimbaji waliojifunza kwa kusikiliza ninao wengi, wamekremu nyimbo kibao kutoka kwenye simu, ila ukimuuliza hiyo sauti unayoimba ni ipi kwenye ngazi ya sauti saba, kimya. Ukihamisha doh, yaani sauti ya kwanza ya ngazi, kutoka F kwenda G anaimba vilevile bila shida, lakini hajui kilichobadilika ni nini na kilichobaki ni nini. Huyo nyimbo anazijua, nadharia hana.

Ila mi kinachonikereketa zaidi ni kwamba watu wakisikia neno nadharia wanawaza mistari mitano na vitone vyeusi basi. Kwaya nyingi za hapa Tanzania tumekuzwa na solfa, yaani kuita sauti za ngazi kwa herufi d r m f s l t (d ndo doh), mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, na hata Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake sisi leo tunaimbia Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa solfa hizihizi. Na solfa ni nini kama si majina ya kitu ambacho sikio limeshasikia? Kwaya ikiimba bila kinanda na ikakaa sawa, d ikitetema mara 200 kwa sekunde basi m inatetema 250, s 300 na d ya juu 400, sikio linaupokea huo uhusiano hata kwa mtu ambaye hesabu zilimshinda darasa la nne. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia hii inaitwa hivi, na ile inaitwa vile.

Sasa kuna kijana mmoja wa kwaya yetu, anaimba kundi la sauti ya tatu, haoni tangu utotoni. Alipojiunga aliniambia, "Mwalimu, kukariri naweza, ila nataka kujua kwa nini." Nota zetu ni kopi za karatasi, na zile PDF za mtandaoni nyingi ni picha tupu, simu yake inayomsomea maandishi ikifika hapo haina cha kusoma. Nota za Breli zipo, Louis Braille mwenyewe alizitangaza mwaka 1829, lakini mi sizisomi na kwenye kwaya yetu hakuna anayezisoma. Basi yeye akawa na masomo ya sauti kwenye memori kadi. Siku moja alinipa spika moja ya sikioni nikasikiliza naye. Kinanda kinapiga d, kinapiga sauti nyingine, kinanyamaza, yeye anaimba anataja jina, halafu ndo anatajiwa jibu: s. Tena. l. Tena. Pale kwenye kimya ndo alikuwa anasoma.

Tukaja kufundisha wimbo wa shukrani wa sauti nne, doh ni F. Katikati ya wimbo besi, yaani sauti ya chini kabisa, wana fe (f iliyopandishwa nusu toni) inayopanda kwenda s. Mimi nahangaika na sauti ya pili, besi huku wanapitia f ya kawaida kwa raha zao. Kijana akanyoosha mkono, "Mwalimu, naomba besi peke yao." Wakaimba. "Hapo mnaimba f, inatakiwa ipande nusu toni, maana hapo s imeshageuka d, na hiyo sauti ndo t yake." Nikaangalia karatasi, imeandikwa fe, na ni kweli wimbo pale unahamia C. Mzee wetu mmoja wa besi akamuuliza, "Mwanangu, nani kakwambia?" Akajibu, "Baba, sikiliza inapotaka kwenda. f inavuta kushuka kwenye m, hii inavuta kupanda." Akawaambia washike ile s waiite d, wapande ngazi nzima mpaka t, wakifika t wakaisikia, ni ileile fe. Wakarudi kwenye wimbo ikakaa. Mle ndani wasomaji wa nota walikuwepo wa kutosha, na karatasi wanazo mkononi.

Lakini nisiwadanganye, sehemu zilizompa tabu zipo. Karatasi imetulia, jicho linarudi mstari wa juu likitaka, sauti inapita. Yeye ilibidi akariri sekunde, "ile kodi ya kinanda ya dakika ya pili na sekunde kumi," kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ndo arudishe nyuma. Sauti za katikati kwenye kodi nzito zinamezwa. Mgawanyo wa mapigo ndo ulimsumbua kuliko vyote, ikabidi nimrekodie kila sauti peke yake, naimba solfa huku napiga makofi, nasema nimeshika mapigo mangapi, afu anarudisha klipu yake WhatsApp nasahihisha. Kwa hiyo peke yake hakuwa. Hapo bado nasimamia hapana yangu.

Tatizo ni kwamba nikiwaza Unguja hapana hiyo inalegea. Kwenye taarab kuna maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, iitwayo Rast, sauti ya tatu ya ngazi hiyo inakaa katikati, juu ya m ya huzuni na chini ya m ya furaha, kinanda cha kawaida hakina kitufe chake na solfa zetu hazina herufi yake. Hata ukiiandikia alama ya pekee, mtu ambaye hajaisikia ataiimba vipi? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Bi Kidude, mwimbaji mwenzake wa taarab, alijifunza kwa kumsikiliza Siti mwenyewe. Nikisema hawa hawakuwa na nadharia kwa sababu hawakuwa na karatasi nitakuwa nimeongea upuuzi.

Basi niandikieni ndiyo, inawezekana, ila masomo yenyewe yawe yanakuuliza na kukusubiri ujibu, na uwe na mtu hata mmoja wa kukusahihisha, na kwa kutunga nyimbo za sauti nne bado nadhani karatasi au Breli itakusaidia sana. Na watunzi wetu, nawaomba kwa dhati: mkiweka nota mtandaoni wekeni na rekodi ya kila sauti peke yake, mtaje doh mwanzoni, muimbe solfa kwanza ndo maneno yafuate, na penye kuhama doh mseme tumehama.