Bunduki ya zamani: kabla ya triga, kagua ubao

Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini bunduki za enzi hizo zenye leseni bado zimo makabatini, na nyingine huenda uwanja wa shabaha. Kwa kila jibu hapa chini, anza hivi: toa risasi zote uziweke chumba kingine, fungua bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), tazama chemba (tundu inapokaa risasi), kisha tia kidole. Jicho peke yake hudanganya.

*Nimerithi Mauser 98 ya marehemu baba na leseni nimepata. Triga ni nzito, tena yavutwa mara mbili ndipo ifyatue. Niagize mpya? (Nyali)*

Kuvuta mara mbili si ubovu. Triga ya kijeshi ya Mauser imeundwa hivyo: mwanzo laini, inagota, halafu ndiyo inafyatua. Pima kwanza. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi wa samaki, tia ndoana katikati ya triga na uvute polepole kuelekea nyuma. Fanya mara tano, utafute wastani. Ikisoma kilo 2.5 hadi 3, hiyo ni kawaida ya jeshi. Kwa bunduki ya kuwindia, kilo 1.3 hadi 1.6 yatosha. Chini ya kilo moja sisi hatushauri.

Triga za kisasa za Mauser 98, kama za kampuni ya Timney, hushikwa na pini ileile ya zamani, ila kisanduku chake ni kipana, kwa hiyo ubao (mbao inayobeba chuma cha bunduki) huchongwa kidogo kwa patasi. Ukiuacha ugusane na triga, ubao ukivimba wakati wa mvua ya mwaka utaibana. Uliza ofisi iliyokupa leseni kabla ya kuagiza, na kazi ya chuma umwachie fundi wa silaha aliyesajiliwa.

*Fundi fulani asema atapiga tupa jino la triga, iwe laini kwa bei ndogo. (Changamwe)*

Mkatalie. Jino hilo limekazwa kwa moto juujuu tu. Tupa ikishamaliza ngozi ile ngumu, ndani ni chuma laini: kitalika, jino litateleza, na siku moja bunduki italia ukifunga bolti tu. Triga yoyote iliyoguswa ijaribiwe ikiwa tupu. Funga bolti kwa nguvu mara kumi, kisha gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Halafu weka sefti (kizuizi cha kufyatua), vuta triga, iachie, ondoa sefti. Pini ya kugonga risasi ikianguka hata mara moja, bunduki isitumike.

*Kaskazi yapiga sawa, kusi ikiingia risasi zapanda juu kushoto. Darubini imekufa? (Likoni)*

Darubini usiiguse bado. Ubao hunywa unyevu, ukipinda unausukuma mtutu. Pitisha noti ya shilingi mia kati ya mtutu na ubao, kutoka mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, hapo ndipo pa kupiga msasa. Kisha legeza skrubu ya mbele huku kidole kikiwa mahali mtutu unapokutana na ubao: ukisikia chuma kinainuka, hakijakaa vizuri.

Dawa ni kukitandikia chuma gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Usitumie ile ya dakika tano. Kwa joto letu itaganda ungali unakoroga. Gonga la chini linalopokea teke la bunduki lizungushie insuletepu mbele, ubavuni na chini. Nyuma liache wazi, maana ndiko linakoegemea. Matundu ya skrubu yazibe kwa udongo wa kuchezea watoto. Chuma chote, pamoja na skrubu, kipake kiwi ya viatu tabaka mbili. Ukisahau sehemu ndogo tu, umegundisha bunduki. Hapo itie kwenye friza saa kadhaa, chuma kinywee. Kama hukusahau popote, acha saa 24 kabla ya kufungua.

Skrubu kwenye mbao tupu: kaza kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 hadi 5. Ukikaza zaidi unaponda mbao, na mwakani utakaza tena.

*Ubao umepasuka nyuma ya bolti. Seremala aweza kuchonga mpya? (Kisauni)*

Aweza, lakini mpelekee ubao uliovuliwa, si bunduki. Mwambie mninga uliokauka vizuri: hausinyai sana wala hauvimbi sana, na pwani hiyo ndiyo sifa kubwa. Mvule ni mgumu ila nyuzi zake hupishana, patasi hung'oa vipande. Mpasuko wako huenda ulitokana na mafuta ya bunduki kushuka ndani ya mbao kwa miaka. Hifadhi bunduki mdomo ukiwa chini.

Mwisho pakeni mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Matambara ya mafuta hayo msiyakunje ndani ya ndoo: hujipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandazeni nje yakauke, au yatieni majini.