Taa za Kigamboni: jibu kwa mleta mada, na namna ninavyoandika daftari langu

Mkuu, nimesoma mada yako mara mbili. Umesema ulikuwa Kigamboni juu ya paa la nyumba ya shemeji yako, saa moja na dakika ishirini usiku, mkaona taa kama ishirini zimefuatana kwenye mstari mmoja, kimya kabisa, zikitoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Kila moja ilipofika mahali fulani ikazimika, na iliyofuata ikafika palepale nayo ikazimika. Unauliza zilikuwa nini, na kama kuna mtu anakusanya taarifa za UFO, yaani vitu vya angani visivyotambuliwa, za Dar na Pwani ili nawe uanze kuandika.

La kwanza si gumu. Kwa maelezo hayo karibu nina hakika mliona satelaiti za intaneti za Starlink siku chache baada ya kurushwa. Wenyewe, kampuni ya SpaceX ya Marekani, walirusha kundi la kwanza la satelaiti 60 Mei 2019, na tangu hapo zimekuwa zikienda kwa makundi. Siku za mwanzo zinaongozana kama siafu, kisha zinapandishwa taratibu hadi karibu kilomita 550 na kuachana. Kuzimika palepale ndiko kunakonishawishi. Mwanga ule si wa satelaiti yenyewe, ni jua linaloipiga. Mfikirie mkwezi aliye kileleni mwa mnazi wakati wa magharibi: nyinyi chini giza limeshawafika, yeye jua bado liko usoni kwake. Mahali taa zilipozimikia ndipo kivuli cha dunia kinapoanza, na jioni kivuli hicho kinakuwa upande wa mashariki. Zinapita njia moja, kwa hiyo zinaingia kivulini mahali pamoja.

Nimesema "karibu" kwa sababu hukuandika tarehe. Nitalirudia hilo.

La pili ndilo lenye maneno mengi. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Kazi ile ina kanuni moja inayomwingia mtu mwilini: unaandika ulichokiona. Kontena limefika, unaandika namba, alama, lakiri iko au imekatika, pembe ipi imebonyea. Kilichomo ndani hukijui, wala hutakiwi kukisia. Nilipoanza kuandika taarifa za watu kuhusu vitu vya angani, mwaka 2013, kwenye kaunta buku la kawaida, nilidhani kanuni ile itanifuata yenyewe. Haikunifuata. Kurasa za mwanzo zimejaa "chombo", "kisahani", "kilikuwa kinatuchunguza". Hayo yote ni kilichomo ndani ya kontena. Alama na namba hazimo, na leo kurasa zile hazinisaidii chochote.

Pia nilikuwa na safu mbili tu: imeeleweka, haijaeleweka. Kila taarifa iliyokosa saa au upande niliitupa kwenye ya pili, na daftari likaonekana limejaa maajabu. Kilichonifungua macho ni utaratibu wa Wafaransa. Wao wana kitengo ndani ya shirika lao la anga, CNES, kilichoanza 1977 na sasa kinaitwa GEIPAN, na taarifa zao wanazipanga kwa herufi nne. A imetambuliwa kabisa. B inaelekea imetambuliwa. C haiwezi kutambuliwa kwa sababu maelezo hayatoshi. D maelezo yanatosha, imechunguzwa, na bado haielezeki. Tofauti ya C na D ndiyo kazi yenyewe. Nilikaa siku nzima nikihamisha kurasa zangu, na karibu zote nilizokuwa nikizionea fahari ziliangukia C. Iliniuma, lakini ndio ukweli wa daftari lile.

Usije ukaenda upande wa pili pia, ukawa unamlazimishia kila mtu jibu. Jeshi la anga la Marekani, kwenye mradi wake wa kuchunguza UFO ulioitwa Blue Book, lilifunga kazi likiwa na taarifa 12,618 za kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki hazijatambuliwa. Mwanafalaki wao mshauri, J. Allen Hynek, baadaye alilalamika kwamba majibu mengi yalibandikwa haraka ili faili lifungwe. Ukimwambia mtu "ilikuwa ndege" bila kuangalia kama kulikuwa na ndege, umemdharau kama yule anayemcheka.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo vitabu vya wenzetu havitakufundisha.

Saa. Hapa ndipo nilipoteza zaidi. Binti mmoja wa Magomeni aliniandikia kwamba mwezi Juni 2017 aliona taa kubwa nyeupe mashariki, juu kidogo ya mapaa, inameta, haisogei, "saa 4 usiku". Nilifungua Stellarium, programu ya bure inayokuonyesha anga la tarehe na saa yoyote, nikaweka saa nne usiku. Mashariki hakukuwa na kitu cha kung'aa hivyo. Ndege? Haisimami muda wote huo. Nikaandika D, na ilikaa D zaidi ya mwaka. Siku moja tunaongea na mama yake, akasema, "Si ile usiku tulipoamka kula daku?" Nikashtuka. Binti aliisoma saa kwenye simu: 04:00. Kwa saa zetu ni saa kumi alfajiri. Nikarudi Stellarium, na Zuhura iko palepale alipoisema, imepanda muda si mrefu. Zuhura haiendi mbali na jua. Utaiona jioni magharibi au alfajiri mashariki, kwa hiyo saa nne usiku upande wa mashariki haiwezi kuwepo kabisa. Kosa la saa sita liligeuza sayari ikawa muujiza. Tangu hapo siandiki saa bila kuuliza, "Kabla ya kulala au baada? Adhana ipi ilikuwa imepita?"

Upande. Wengi wetu ukituuliza kaskazini tunababaika, lakini kila mtaa una msikiti, na Dar tuna bahati kwamba Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Namuuliza shahidi, awe Mwislamu au la: ukisimama kuelekea kibla cha msikiti wa mtaani kwenu, ilikuwa mkono gani? Kulia ni mashariki, baharini. Kushoto ni bara. Hajawahi kushindwa mtu kunijibu.

Kimo chake usikiulize kwa mita. Hakuna anayeweza kukadiria umbali wa taa gizani, mimi nikiwemo. Mwambie anyooshe mkono, akunje ngumi, ahesabu ngumi ngapi kutoka ardhini hadi kwenye kile kitu. Ngumi moja ni kama digrii kumi.

Na weka safu ya mwezi mwandamo. Ukijua ilikuwa mwezi 14, unajua mwezi ulichomoza jua linapozama na uling'aa usiku kucha. Mwezi 3, ulizama mapema. Hiyo inakusaidia hasa kwa taa za baharini. Nilikuwa na taarifa kadhaa za watu wa Kawe na Kunduchi: taa zimening'inia juu ya bahari, nyeupe, nyingine zinapotea na kurudi. Zote zilikuwa za usiku wa giza, hakuna hata moja ya mbalamwezi. Mvuvi yeyote wa dagaa angekujibu bila daftari. Wanatoka na taa zao, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri, usiku wa giza, maana kwenye mbalamwezi samaki hawaifuati taa. Ukiwa ufukweni gizani huoni maji yanapoishia na anga inapoanzia, kwa hiyo taa ya mtumbwi wa mbali inaonekana iko angani. Wimbi likiinuka mbele yake inapotea.

Ndege nazo zina tabia zao. Inayokuja kutua Julius Nyerere, ikiwa imekuelekea wewe usoni na taa zake za mbele zimewashwa, inaonekana imesimama kwa dakika kadhaa, kisha inakata kona na taa inatoweka ghafla. Njia za kutua hubadilika kufuatana na upepo, kwa hiyo mtu wa Kinyerezi anaweza kukaa miezi asiione halafu ikamtokea wiki nzima. Angalia Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege zilizopita angani, kabla ya yote, na uangalie mapema, kumbukumbu za bure hazikai muda mrefu.

Video naomba uwe mkali. Nukta ya mwanga ukiivuta kwenye simu hadi mwisho, kamera inashindwa kuilenga na nukta inavimba kuwa duara. Nina "visahani" vingi vya namna hiyo. Mwombe shahidi aache ukingo wa paa au mti kwenye picha, na akutumie faili kama waraka (document), kwa sababu picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inavuliwa saa na mahali ilipopigwa. Video iliyozunguka kwenye magrupu bila mwenyewe kujulikana mimi siiingizi hata kwenye C.

Mashahidi wahoji mmoja mmoja. Huwa nawakumbuka wale watoto wa shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, Septemba 16, 1994. Wanafunzi wapatao 62 walisema wameona chombo na viumbe karibu na shule. Siku mbili kabla, moto mkubwa ulikuwa umepita anga la kusini mwa Afrika, na ulikuwa mabaki ya roketi ya Zenit, iliyorushwa na Urusi, yakirudi duniani. Ule moto una jibu, nami ningeuwekea ukurasa wake na herufi A. Wa watoto ni ukurasa mwingine, roketi haiujibu. Ila unatakiwa kuandika kwamba kwa siku mbili watu wazima walikuwa wanazungumza habari za angani, na kwamba watoto wale walihojiwa kwa makundi wenzao wakisikiliza. Ndiyo sababu ukurasa ule hautafungika tena, na kwangu ni hasara kubwa, kwa sababu watoto wale walistahili kusikilizwa vizuri.

Na wazee usiwasahihishe. Mzee mmoja wa Mbagala alinieleza kimondo cha kijani kilichokatika vipande viwili, akamalizia kwamba ni shetani amepigwa, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Niliandika rangi, upande, vipande viwili, hakuna sauti, na maneno yake nikayaandika kama alivyoyatamka. Maelezo yake ya kile alichokiona ni bora kuliko ya wasomi wengi niliowahoji.

Kwa hiyo mkuu, anza na ukurasa wako mwenyewe. Tafuta tarehe: angalia simu ya shemeji, kama kuna aliyepiga picha jioni hiyo au muamala wowote wa siku ile. Kisha panda tena paa lile saa ileile, simama ulipokuwa umesimama, nyoosha mkono na uhesabu ngumi hadi pale zilipozimikia. Shemeji naye apande peke yake ahesabu za kwake, bila kusikia zako. Niandikie hapa namba zote mbili na tarehe, nami nitalinganisha na ratiba ya urushaji wa wiki hiyo. Kwa sasa nimeiandika B.