Usiruke Juzuu ya Kumi: Kwa Wanaosoma The Wheel of Time

Msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko. Alianza kusoma The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za njozi wa Mmarekani Robert Jordan, mwaka 2025, baada ya tamthilia ya runinga iliyotokana na vitabu hivyo kukatishwa ilipomaliza msimu wake wa tatu, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kubaki na kisa nusu. Juzuu sita za mwanzo alizisoma kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe, ya saba akaisoma kwa kujikokota, na sasa amekwama katikati ya juzuu ya nane, The Path of Daggers. Ananiuliza mambo mawili: je, aruke juzuu mbili tatu na kwenda moja kwa moja kwenye zile za mwisho? Na je, kile kitabu chembamba kiitwacho New Spring kisomwe lini? Amemalizia kwa kuuliza, "Dada, wewe uliwezaje?"

Nitayajibu yote, nikianza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo ninaloweza kulisemea kwa haki. Mfululizo huu una juzuu kumi na nne, mbali na New Spring, na jumla yake ni zaidi ya maneno milioni nne. Nimeusoma wote, kuanzia sura ya kwanza ya The Eye of the World hadi ukurasa wa mwisho wa A Memory of Light, na si mara moja. Sioni haya kujivunia jambo hilo. Nawe unayesoma makala haya bila shaka unayo hamu hiyo hiyo ya kufika mwisho wa kazi kubwa, ama sivyo usingefika hata hapa.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam nilipokipata kitabu cha kwanza, kimechakaa jalada, kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika aliyetandika bidhaa yake kando ya barabara pale Posta. Kilikuwa kimechapishwa kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1990, nami nilikipata miaka kadhaa baadaye, bila kujua kwamba kina wenzake. Juzuu ya tatu niliipata kabla ya ya pili. Rafiki zangu walinishauri niisome tu, kwa kuwa kisa ni kimoja na ningeweza kubahatisha yaliyopita, lakini nilikataa. Niliifunga kwenye gazeti, nikaiweka chini ya sanduku, nikaendelea kuwasumbua wauza vitabu mpaka The Great Hunt ikapatikana. Uamuzi ule ndio ulionifanya msomaji niliye leo, na ndio msingi wa ushauri wangu wote: usiruke.

Nieleze kwa nini. Katika juzuu ya kwanza, vijana wa kijiji cha Emond's Field wanamtaja Mwaiel mwenye shela nyeusi kama watu wanavyotaja kitisho cha mbali, ili kumwelezea mtu aliyeshikwa na hasira kali. Msomaji anapita hapo bila kusimama. Waaiel ni watu wa jangwani, hodari wa mkuki, wasiogusa upanga, na hufunika nyuso zao kabla ya kuua. Kwa muda mrefu msomaji anadhani shela ile ni pambo la kutisha tu, kama mapambo mengi ya riwaya za aina hii. Kisha inakuja juzuu ya nne, The Shadow Rising, ambamo Rand al'Thor, mhusika mkuu, anaingia katikati ya nguzo za kioo katika mji wa Rhuidean na kuyaona maisha ya wahenga wake wa Kiaiel kwa macho yao wenyewe. Anaanza na wa karibu zaidi, kisha aliyemtangulia huyo, kila hatua ikimrudisha nyuma zaidi, hadi zama ambazo dunia ilikuwa bado haijavunjika.

Mwandishi amefanya jambo gumu sana katika sura hizo mbili. Kwa kuwa tunasafiri kinyumenyume, kila kizazi kinatuonyesha matokeo kabla ya chanzo. Tunawaona kwanza wapiganaji. Baadaye ndipo tunawafikia vijana waliokuwa wameapa, kama wazazi wao, kutomdhuru kiumbe yeyote. Vijana hao wanakwenda kuwaokoa wasichana wao waliotekwa nyara, wanaua ili kuwaokoa, na wanarudi kambini wakitarajia kupokewa. Mama wa mmoja wao anamkana mwanawe na kumtaka aufiche uso wake, kwa sababu hawezi kuuona uso wa mwanawe kwenye mtu aliyeua. Shela ile imeanzia hapo. Ni aibu ya mtoto mbele ya mama yake, iliyorithiwa na watu ambao wengi wao hawakumbuki tena sababu yake. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikarudi juzuu ya kwanza kutafuta kauli ile ya wanakijiji. Aliyeruka hata juzuu moja hawezi kuipata ladha hiyo kamili, hata asimuliwe na mtu mwenye ulimi mtamu kiasi gani.

Hata sisi wenyewe tunalijua jambo hili, ingawa tunalisahau tunapokamata riwaya ya kigeni. Anayesikiliza Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anajua tangu mwanzo kwamba shujaa atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe. Hakuna anayemwambia msomaji wa utenzi afanye haraka afike kwenye sindano. Kila ubeti una haki yake.

Sasa nije kwenye juzuu ya nane. Msomaji wangu analalamika kwamba Mat Cauthon, ambaye ndiye kipenzi chake, ametoweka. Ni kweli, Mat hayumo kabisa katika The Path of Daggers. Anarudi katika juzuu ya tisa. Lakini tazama nyuma: Rand mwenyewe, mhusika mkuu, anaonekana kwa nadra sana katika juzuu ya tatu, na Perrin, rafiki yao wa kijijini, hayumo kabisa katika ya tano. Huu ni utaratibu wa mwandishi. Kadiri kisa kinavyopanuka ndivyo anavyomweka mmoja pembeni ili wengine wapate nafasi, na anaporejea, anarejea akiwa na uzito. Ukilijua hilo hutahisi umedhulumiwa. Zaidi ya hapo, juzuu hiyo hiyo ndiyo inayoleta tamati ya lile joto la kiangazi kisichokoma ambalo limewaelemea watu wote katika juzuu zilizotangulia, na chombo kilichotafutwa kwa taabu nyingi hatimaye kinatumika. Ni ajabu kwamba wasomaji wanaokimbilia vita hawaoni kwamba mabadiliko ya hali ya hewa katika nchi ya wakulima ni tukio kubwa kuliko vita.

Juzuu ya kumi, Crossroads of Twilight, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo inayowakatisha tamaa walio wengi, na sitadai kwamba ni nyepesi. Sababu yake inaeleweka bila kukuharibia utamu. Juzuu ya tisa inamalizika kwa tendo kubwa mno, pengine kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Badala ya kusonga mbele, juzuu ya kumi inarudi nyuma na kutuonyesha wahusika wengine walikuwa wapi na walifanya nini katika siku zile zile, huku wakihisi kwa mbali kwamba jambo fulani linatendeka. Tuliokuwa tumesubiri zaidi ya miaka miwili tulitaka kujua kitakachofuata, tukapewa kile kilichokuwa kikiendelea sambamba. Wengi waliudhika. Mimi niliisoma polepole, sura moja kila usiku baada ya watoto kulala, na niligundua kwamba inasomeka vizuri kabisa kwa mtu asiyeidai kasi ambayo haikukusudia kutoa. Wewe, tena, una bahati ambayo sisi hatukuwa nayo: ukiifunga juzuu ya kumi jioni, unaweza kuifungua ya kumi na moja usiku huo huo.

Naomba niseme pia juu ya dharau, kwa sababu najua wengi wenu mnaikabili. Katika hafla moja ya familia, shemeji yangu alikichukua kitabu changu mezani, akasoma kwa sauti sentensi iliyojaa majina ya Aes Sedai, wale wanawake wenye nguvu za ajabu, kisha akawaambia wageni kwamba mwanamke mwenye kazi na watoto hana sababu ya kupoteza macho yake kwa hadithi za wachawi. Watu walicheka. Mimi nilikipokea kitabu changu, nikaenda kukaa barazani. Sijalisahau jambo lile, wala sioni sababu ya kulisahau. Mtu yule hakujua kwamba mwandishi wa "hadithi za wachawi" alikuwa amepigana Vietnam kama mpiga bunduki wa helikopta, akarudi nyumbani Marekani na kusomea fizikia. Hakujua pia kwamba Rand anaposhindwa kulala kwa kuorodhesha moyoni majina ya wanawake waliokufa kwa ajili yake, hilo linaandikwa na mtu aliyeyaona mauti kwa macho yake. Usimwombe mtu yeyote ruhusa ya kusoma. Usitetee kitabu chako mbele ya mtu asiyesoma chochote. Soma, endelea kusoma, na usiruke.

Robert Jordan lilikuwa jina la kalamu. Jina lake halisi ni James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina. Mwaka 2006 alitangaza kwamba anaugua amiloidosisi, ugonjwa uliokuwa umeushambulia moyo wake, na tarehe 16 Septemba 2007 alifariki, juzuu ya kumi na mbili ikiwa haijakamilika. Nililia. Nalisema hilo wazi, kwa sababu kuna wanaodhani kumlilia mtu ambaye hukuwahi kumwona ni upungufu wa akili. Rafiki yangu niliyesoma naye sambamba tangu chuoni alikata tamaa palepale. Aliuza juzuu zake zote na, pamoja nazo, mbili zangu nilizokuwa nimemwazima, wala hakuniambia mpaka nilipoziuliza. Zile mbili niliumia kuzitafuta upya.

Lakini kazi haikufa. Katika majuma yake ya mwisho mwandishi aliwasimulia wa nyumbani kwake namna kisa kitakavyokwenda, na aliacha maandishi, yakiwemo ya tamati yenyewe. Mke wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu vyote hivyo, alisoma maneno ya maombolezo yaliyoandikwa na mwandishi kijana aitwaye Brandon Sanderson, akasoma na riwaya yake moja, kisha akamkabidhi kazi ya kukamilisha. Sanderson alikuwa ameanza kuusoma mfululizo huo akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Kitabu kimoja kilichotarajiwa kikawa vitatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight mwaka 2010, na A Memory of Light mwezi Januari 2013. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Msomaji aliyesoma kwa uaminifu, bila kuruka, ndiye aliyepewa kalamu. Msiniambie basi kwamba kusoma hadi mwisho ni kazi ya watu wasio na shughuli.

Mtaona tofauti ya mkono katika juzuu hizo tatu, hasa katika mazungumzo ya Mat, ambaye katika The Gathering Storm anachekesha kwa namna isiyo yake. Sikulipenda hilo na bado silipendi. Hata hivyo, sura ya mwisho ya juzuu hiyo, Rand akiwa peke yake juu ya mlima, inajibu maumivu yaliyoanza kujengwa tangu juzuu za kati, zile zile ambazo msomaji wangu anataka kuziruka. Aliyezipita atamwona mtu mmoja amesimama mlimani, asijue ni mzigo gani anaotaka kuutua.

Kuhusu namna ya kusoma, nasema machache. Kila juzuu ina faharasa ya majina nyuma. Itumieni, wala msione aibu kuirejea mara nyingi. Wekeni daftari. Mimi niliandika jina la kila Aes Sedai na rangi ya Ajah yake, yaani kundi lake, na daftari hilo lilinisaidia kuliko muhtasari wowote wa watu wengine. Msisome muhtasari badala ya kitabu. Ukichoka, pumzika, hata miezi, kisha rudi pale ulipoishia. Kupumzika si kuruka.

Limebaki swali la New Spring, iliyotoka mwaka 2004. Matukio yake yanatangulia juzuu ya kwanza, ndiyo maana wengine hushauri uanze nayo, lakini mimi nakataa, kwa kuwa inakufunulia mapema watu ambao juzuu ya kwanza inataka uwaogope kidogo. Isome baada ya juzuu ya kumi, kabla ya Knife of Dreams, juzuu ya kumi na moja. Inasimulia jinsi Moiraine, mmoja wa Aes Sedai, alivyokutana na Lan, mlinzi wake, na inaonyesha Lan akiwa kijana zaidi, akiubeba ufalme wa Malkier uliokwisha kuangamia na watu ambao bado wanamwita mfalme ilhali yeye hataki kumwongoza yeyote kwenye kifo. Utakapofika katika Knife of Dreams, kwenye sura ambayo Nynaeve, mke wa Lan, anakwenda kutafuta watu wa Malkier waliotawanyika na kuketi nao mmoja baada ya mwingine, utajua ni kitu gani hasa anachowaomba.