Kumwaga oili ya giaboksi kila mtu anaweza, shida iko kwenye kupima

Juzi usiku msomaji mmoja wa Kimara ameniandikia: "Kaka, nimebadilisha mwenyewe haidroliki ya giaboksi ya Hilux kama ulivyoelekeza. Nilitoka mjini mchana, nikaimwaga ikiwa ya moto ili itoke vizuri. Nimetoa lita tatu, nimerudisha lita tatu. Nikafungua bolti ya kupimia ikatoka nyingi tu, nikaiacha mpaka ikabaki kudondoka, nikafunga. Injini nilikuwa nimezima, naogopa kulala chini ya gari linalounguruma. Sasa asubuhi nikiweka R (gia ya kurudi nyuma) inakaa kama sekunde tatu ndiyo ishike, na kwenye mlima injini inavuma gari haliendi. Ndiyo imekufa?"

Haijafa. Ina kiu. Na kwa kuwa huyu si wa kwanza wala wa kumi kunitumia ujumbe wa aina hii, leo tunaongea habari ya kipimo, maana nikiandika kuhusu spana na bolti watu wanasoma, nikifika kwenye kipimo wanaruka.

Giaboksi ya otomatiki ina klachi kadhaa ndani yake, visahani vilivyopangwa kama sahani za sherehe, na kinachovibana ni presha ya oili. Pampu inafyonza oili hiyo kutoka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi. Oili ikiwa pungufu, pampu inavuta na hewa, na hewa inabonyea. Visahani havibanwi sawasawa, vinateleza, vinaungua. R ndiyo inayolalamika kwanza kwa sababu kwenye giaboksi nyingi inataka presha kubwa kuliko gia za mbele, na asubuhi ndiyo saa mbaya kwa kuwa oili baridi imenywea.

Msomaji wetu alikosea mara mbili kwenye kitendo kimoja. Kwanza, oili ya moto imetanuka. Giaboksi yake ni A750F ya gia tano, inabeba zaidi kidogo ya lita 10 ikiwa kavu kabisa. Oili ya lita 10 ikiwa na joto la nyuzi 90 badala ya 50 inaongezeka karibu theluthi moja ya lita, na hiyo yote inatoka kwenye tundu la kupimia (lile linalotoa oili iliyozidi kiwango) kana kwamba ni ziada. Pili, injini ikiwa imezimwa, sehemu ya oili iliyokuwa inazunguka juu inarudi chini kwenye sampo. Ukifungua hapo, inamwagika oili ambayo gari linaihitaji likiwaka. Alichokiona kinadondoka hakikuwa ziada, ilikuwa hisa ya giaboksi.

Sasa tufanye kazi hii inavyotakiwa.

Anza na jina la giaboksi, usianze na duka. Kwenye Toyota angalia kibati cha utambulisho, kwa kawaida kipo kwenye bodi chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango: mstari wa TRANS/AXLE ndio unaotaja giaboksi. A750F inatumia ATF WS, aina ya oili ya giaboksi za otomatiki za Toyota. Hilux za zamani zenye A340 zina kijiti cha kupimia na zinatumia oili za kizazi cha nyuma, Dexron au T-IV kutegemea mwaka. Ford Ranger ya gia sita inataka Mercon LV, Mitsubishi L200 za zamani zinataka SP-III. Muuzaji akikwambia "haidroliki ni haidroliki, zote nyekundu", muage kwa heshima uondoke. Wekundu ni rangi tu imetiwa ili uitofautishe na oili ya injini. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na waliotengeneza giaboksi wenyewe wamekataza kuzichanganya. Kagua na mfuniko wa dumu kabla ya kulipa: pete ya usalama iwe haijakatwa, na karatasi ya chini yake haijabanduliwa. Chupa tupu za oili zinanunuliwa mitaani, na wanaozinunua hawazipeleki kuhifadhia mafuta ya taa.

Vifaa ni vichache: spana ya 14 kwa bolti ya kumwagia, ya 24 kwa bolti ya kujazia, eleni (spana ya pembe sita inayoingia ndani ya bolti) ya milimita 5 kwa ile ya kupimia, beseni, dumu la plastiki lenye mistari ya lita, na mpira mwembamba unaopitisha nuru wa mita mbili. Nunua lita nne hata kama utaingiza tatu.

Kazi ifanywe alfajiri, gari likiwa limelala. Hapa Dar saa kumi na mbili asubuhi oili bado imepoa, nawe una nafasi ya kuipandisha polepole mpaka kwenye joto la kupimia. Ukianza mchana baada ya foleni ya Ubungo, utasubiri masaa ipoe, na hutasubiri, nawajua.

Gari likae sawa, mbele na nyuma. Pikapu ya 4x4 ina nafasi ya mtu kuingia chini bila jeki, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Ikibidi kuinua, inua pande zote nne na uweke stendi, chini ya kila stendi ubao mpana, maana mchanga wetu unameza jeki huku unaangalia. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kujua kama liko sawa, azima ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi: ncha moja kwenye fremu ya mbele, nyingine kwenye fremu ya nyuma, maji yanakwambia.

Hendibreki juu, gia kwenye P, tofali mbele na nyuma ya tairi.

Fungua kwanza bolti ya kujazia. Iko ubavuni, juu ya sampo, kichwani imeandikwa WS. Nasema kwanza kwa sababu kuna ambazo zimeshika kutu hazitoki, na ukishamwaga oili ndipo ugundue hilo, gari lako halitoki hapo mpaka lije kuvutwa. Ikilegea, ndipo uende kwenye bolti ya kumwagia chini ya sampo. Weka beseni, fungua, acha mpaka zibaki tone moja moja. Pima kwa dumu kilichotoka. Itakuwa karibu lita tatu. Zile nyingine saba ziko kwenye torki konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi) na mabomba, hazitoki kwa njia hii.

Hapo simama uangalie ulichokitoa. Tia kidole, pakaza kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana visahani vimeanza kuliwa. Ikiwa ya pinki nzito kama juisi ya mapera, maji yameingia, na hapo huna kazi ya kubadilisha oili tena, una kazi nyingine. Hapa kwetu maji yanaingia kwa njia mbili. Moja ni kupita kwenye mafuriko, Jangwani na kwingineko, maji yakafika kwenye mpira wa kupumulia wa giaboksi. Nyingine ni rejeta: kwenye pikapu nyingi oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta, ikitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Mtu anayejaza rejeta maji ya kisima cha chumvi badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) anautafuna ukuta huo mwenyewe, kidogo kidogo. Ukishatoboka, unabadilisha rejeta kwanza, kisha unaisafisha giaboksi yote, na visahani vilivyolowa maji huenda visirudi.

Kushusha sampo si lazima kila mara, lakini kama historia ya gari huijui, ishushe mara moja. Bolti zake ni za 10. Ndani utakuta sumaku zimejaa tope la kijivu laini kama masizi. Hilo ni la kawaida, futa. Ukikuta vipande au sindano zinazong'aa, kuna chuma kinavunjika ndani na oili mpya haitakiunga. Weka filta mpya na gasketi mpya. Silikoni usipake kwa ukarimu: inayojibana kuelekea ndani inakatika, inakwenda kuziba filta. Bolti za sampo ni ndogo, zikaze kwa kupokezana, kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Wanaozikaza kama nati za tairi ndio wanaorudi wiki ijayo na sampo inayovuja kwa sababu mdomo wake umepinda.

Bolti ya kumwagia inakazwa kwa nyutonimita 20, ya kujazia 39. Kama huna spana ya kupimia nguvu, chukua spana yenye mkono wa sentimita 20 ukitaka kujua uzito wake: 20 ni sawa na kuning'iniza ndoo ya lita 10 ya maji kwenye ncha, 39 ni ndoo ya lita 20. Si zaidi. Nyumba ya giaboksi ni alumini, na ridi za alumini, ile mistari inayoshika bolti, hazisamehe. Ringi za kuzibia ziwe mpya.

Kujaza hakuhitaji pampu. Pitisha mpira kutoka kwenye boneti mpaka kwenye tundu la kujazia, mtu mwingine ainue dumu, WS inashuka yenyewe kwa sababu ni nyepesi. Rudisha ulichotoa, ongeza nusu lita juu yake. Hiyo nusu lita ndiyo bima yako: ziada itajitoa yenyewe kwenye kipimo, pungufu haijiongezi.

Sasa kipimo. Funga bolti ya kujazia, washa gari, zima AC. Kanyaga breki, pitisha gia polepole kutoka P mpaka ya mwisho, kila moja sekunde chache, urudi P. Subiri. A750F inapimwa oili ikiwa kati ya nyuzi 46 na 56. Kwa asubuhi ya Dar, kuunguruma robo saa hivi kunakufikisha. Joto unalisoma kwa kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kuongea na simu, kama programu yako inaonyesha joto la giaboksi. Isipoonyesha, piga sampo kwa kipimajoto cha mwanga. Kuna na ile njia ya kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya kwenye soketi hiyo chini ya usukani ili taa ya D kwenye dashibodi ikuongoze, lakini tundu la 16 pale ni moto wa betri moja kwa moja. Ukilikosea umeunguza nyaya. Asiyejua kuhesabu soketi hiyo aiache.

Injini ikiwa inaendelea kuwaka, ingia chini, fungua bolti ya kupimia kwa eleni. Uso uwe pembeni, ekzosi isikuguse. Ikitoka kamba ya oili, iache inyooke mpaka ivunjike kuwa matone, kisha funga, nyutonimita 20. Isipotoka kitu, funga, ongeza robo lita, pima tena. Joto likipita 56 kabla hujamaliza, zima, nenda kanywe chai, urudi.

Usijaze kupita hapo ukidhani unaipendelea. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa. Utapata R ileile inayochelewa.

Jambo moja kuhusu zile lita saba zilizobaki. Ukitoa tatu kati ya kumi, umefanya upya asilimia 30. Ukirudia baada ya kilomita mia kadhaa unafika 51, mara ya tatu 66. Mimi naona hiyo ni bora kuliko mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo kwenye giaboksi yenye kilomita nyingi, na kwa pikapu inayobeba saruji kwenye foleni za Dar, ningefanya duru moja kila kilomita 60,000. Ile habari ya kwamba "ukibadilisha oili giaboksi inakufa" inatokana na watu waliobadilisha ikiwa imeshaungua. Walikuja kuiosha maiti.

Kwa ndugu yangu wa Kimara: usiende nalo mjini leo. Kesho alfajiri weka lita moja, washa, fuata kipimo kuanzia nyuzi 46. Kisha R ijaribu mara tatu. Ikishika ndani ya sekunde moja, rudi barabarani, na baada ya siku mbili upime tena. Ikiendelea kuchelewa wakati kipimo ni sahihi, usiongeze hata tone. Hapo ni presha, ama sili za ndani ama valvu za umeme, na anayeitwa ni fundi mwenye geji ya kupima presha. Ile oili chafu usiimwage mtaroni. Jirani yeyote mwenye nguzo za mti na mchwa ataichukua kabla hujamaliza kunawa.